Usinunue Koili Kabla Hujaihamisha

Gari linamisi. Ukikanyaga mafuta kupanda kilima linasitasita, likisimama kwenye foleni usukani unatetemeka mkononi, na ile taa ya injini ya manjano kwenye dashibodi inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika. Unalipeleka gereji. Fundi anafungua boneti, anatega sikio kidogo, kisha anatamka: "Hapo ni koili tu, bosi." Huenda kasema kweli. Lakini akikosea, anayelipa ni wewe, maana maduka mengi ya spea yana kile kibao kinachosema mali ikishauzwa hairudishwi, na kifaa cha umeme ndicho cha kwanza kukataliwa.

Basi kabla ya kutoa pesa, mtafute mkosaji mwenyewe, au simama karibu fundi akimtafuta. Kazi yenyewe haihitaji zaidi ya spana namba kumi, boksi ya plagi, na subira. Mfano nitakaoushikilia ni injini ya Toyota 1NZ-FE ya lita 1.5, ile iliyomo kwenye IST, Probox, Fielder, Allion, Premio na baadhi ya Vitz, kwa sababu ndiyo iliyojaa barabarani kwetu. Ndugu yake 2NZ ya lita 1.3 hana tofauti kwa jambo hili. Mwenye Subaru asiondoke, ana sehemu yake mbele.

Koili inakufaje

Betri ina volti 12. Ili cheche iruke kwenye pengo la plagi, ndani ya silinda ambamo hewa na petroli vimebanwa, zinatakiwa volti elfu kumi hadi elfu thelathini, wakati mwingine zaidi. Kazi ya koili ni kuzipata hizo. Ndani yake mna nyaya mbili zilizozungushiwa kiini cha chuma: mmoja mnene wenye mizunguko mia kadhaa, mwingine mwembamba kama unywele wenye mizunguko maelfu kwa maelfu. Umeme wa betri hupita kwenye waya mnene kisha hukatwa ghafla, na kule kukatwa ghafla ndiko kunakozaa umeme mkali kwenye waya mwembamba.

Kwenye magari ya distributa, koili ilikuwa moja kwa injini nzima na aliyekata umeme alikuwa platini. Kwenye 1NZ kila silinda ina koili yake iliyokaa juu ya plagi, na ukataji unafanywa na transista iliyofichwa kwenye kichwa cha koili hiyohiyo. Mafundi huiita ignaita. Ndiyo maana soketi yake ina pini nne: moja ya umeme wa betri, moja ya hasi, moja ya amri kutoka kwenye kompyuta ya gari, na moja ya jibu, yaani koili kuiambia kompyuta kwamba amri imetekelezwa. Likumbuke hilo jibu, litatufaa baadaye.

Piga hesabu uone kazi inayofanyika hapo. Injini ikinguruma taratibu kwa mizunguko 700 kwa dakika, kila koili hutoa cheche karibu sita kwa sekunde. Ukiwa safarini kwa mizunguko 3,000, cheche ni 25 kwa sekunde, yaani 90,000 kwa saa, kwa koili moja. Na yote hayo koili ikiwa imechomekwa ndani ya shimo refu katikati ya injini yenye joto, miaka nenda miaka rudi.

Koili hufa kwa njia mbili, na kila njia ina tabia yake. Ya kwanza ni ignaita kuungua au waya kukatika ndani. Hapo silinda inazima kabisa. Gari linatembea kwa pistoni tatu na kila mtu anasikia. Ya pili ndiyo inayosumbua watu: ganda la nje au mpira wa chini unapata ufa, na umeme mkali unapata njia ya mkato kwenda kwenye bodi ya injini badala ya kuruka kwenye plagi. Koili ya namna hii haijafa, imedhoofika. Gari likisimama linatulia vizuri, lakini likibeba mzigo, likipanda mlima, au ukiwasha kiyoyozi na kukanyaga mafuta, linaanza kukohoa.

Sababu ni msukumo ndani ya silinda. Hewa ikijaa zaidi, cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuruka, na umeme haupendi njia ngumu. Ukiona ufa uko karibu, unapita hapo. Kwa hiyo fundi anayepima gari la namna hii likiwa limesimama gereji, akakwambia halina tatizo, hakudanganyi. Alipima mahali tatizo halipo.

Kuna dalili nyingine mbili za koili dhaifu zinazofaa kuulizia. Je, gari linaamka vizuri asubuhi na kuanza kumisi baada ya nusu saa ya foleni? Joto hupanua nyufa na kuachanisha waya uliokwishalegea. Au kinyume chake, linamisi asubuhi yenye mvua na umande, kisha linapona jua likipanda? Hapo unyevu umeingia kwenye ufa au ndani ya shimo la plagi. Na kwa walioweka mfumo wa gesi asilia, kama teksi nyingi za Dar es Salaam: gesi inahitaji umeme mkali kuliko petroli ili iwake. Gari likimisi kwenye gesi na kutulia ukirudi kwenye petroli, anza na plagi na koili kabla ya kumlaumu aliyefunga mtungi.

Mashahidi wa uongo

Kumisi si ugonjwa wa koili peke yake. Plagi iliyokwisha, nozeli iliyoziba, hewa inayoingia kwa wizi kwenye manifoldi, valvu isiyofunga vizuri, pampu ya mafuta iliyochoka, vyote vinaweza kufanya gari litetemeke vilevile. Sikio pekee halitenganishi.

Shahidi wa uongo aliye hodari kuliko wote ni sensa ya oksijeni. Silinda ikikosa cheche, hewa yake hutoka kwenye ekzosi haijatumika. Sensa inaiona oksijeni hiyo na kuripoti kwamba injini ina hewa nyingi kuliko mafuta. Kompyuta, kwa nia njema kabisa, inaongeza petroli kwenye silinda zote. Sasa gari linakunywa mafuta, linanuka petroli nyuma, na mashine ya kupimia inaweza kuonyesha P0171, msimbo wa mafuta kuwa machache kuliko hewa. Mtu ananunua sensa mpya. Sensa ya zamani ilikuwa inasema kweli tupu! Ukikuta P0171 pamoja na misimbo ya kumisi, shughulikia kumisi kwanza, kisha upime upya.

Ile taa ya injini nayo ina lugha yake. Ikiwaka mfululizo, una muda wa kupanga. Ikiwa inawaka na kuzimika gari linapotetemeka, kompyuta inakwambia kwamba petroli mbichi inayoingia kwenye ekzosi ni nyingi kiasi cha kuunguza masega, kile kichujio cha moshi ambacho bei yake inaweza kushinda koili zote nne. Punguza mwendo, usilipige mafuta, na usiahirishe hadi mwisho wa mwezi.

Msimbo unasema wapi, hausemi nini

Chomeka mashine ya kupimia chini ya usukani. Misimbo unayoitafuta ni ya makundi mawili, na tofauti kati yao ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

P0301 hadi P0304 ni misimbo ya silinda kumisi. Tarakimu ya mwisho ni namba ya silinda, na kwenye 1NZ silinda ya kwanza ni ile iliyo upande wa fenibelti. Kompyuta haijaiona koili hapa. Ilichofanya ni kupima mwendo wa kranki na kugundua kwamba kila zamu ya silinda fulani ikifika, kranki inapungua kasi kidogo. Imejua silinda ipi haikusukuma. Kwa nini haikusukuma, haijui.

P0351 hadi P0354 ni misimbo ya koili yenyewe, au kwa usahihi zaidi, ya saketi ya koili. Hapa ndipo lile jibu la pini ya nne linapohusika: kompyuta imetoa amri, jibu halikurudi. Kwenye Toyota za zamani kidogo utakutana na P1300, P1305, P1310 na P1315 zikiwa na maana hiyohiyo kwa koili ya kwanza hadi ya nne. Msimbo wa kundi hili unaelekeza kwenye ignaita, waya au soketi.

Sasa angalia mtego. Koili yenye ufa kwenye mpira inatekeleza amri vizuri na kutuma jibu vizuri, kwa kuwa upande wake wa volti 12 ni mzima. Umeme unapotea huko mbele, baada ya jibu kutumwa. Kwa hiyo koili mbovu ya aina hii itakupa P0302 bila P0352 yoyote. Anayekwambia "hakuna msimbo wa koili, basi koili ni nzima" ameruka hatua.

Ukikuta P0300 peke yake, bila namba ya silinda, punguza shaka juu ya koili. Kumisi kunakorukaruka kutoka silinda hii kwenda ile kwa kawaida hutokana na kitu kinachoshirikiwa na silinda zote: mafuta machafu, msukumo mdogo wa pampu, au hewa ya wizi.

Neno moja kuhusu mashine zenyewe. Vile vidude vya bei nafuu vinavyounganishwa na simu havielewani na kila gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani, hasa la mwanzoni mwa miaka ya 2000, hata kama tundu lake lina umbo lilelile la pini 16. Mashine ikigoma kusoma, usiamue kwamba kompyuta ya gari imekufa. Tafuta fundi mwenye mashine inayoijua Toyota ya Japani, au tumia njia ya kuchomoa nitakayoieleza.

Kuihamisha

Hiki ndicho kipimo chenyewe, na hakina gharama. Tuseme msimbo ni P0302. Zima gari, toa ufunguo, acha injini ipoe. Toa kava la plastiki la juu. Utaziona koili nne kwenye mstari, kila moja imeshikwa na bolti moja ya namba kumi. Bonyeza kilimi cha soketi ndipo uivute. Plastiki iliyokaa kwenye joto miaka kumi inavunjika kama ukiilazimisha, na soketi isiyokaza itakuzalia kumisi kupya. Kabla ya kung'oa koili puliza vumbi kuzunguka mashimo, maana mchanga ukidondoka ndani ukiwa umeshatoa plagi, unaishia kwenye silinda. Fungua bolti, zungusha koili kidogo kushoto na kulia mpaka mpira uachie, kisha uvute wima.

Sasa chukua koili ya silinda ya pili uipeleke ya tatu, na ya tatu uilete ya pili. Fundi wa kawaida anaishia hapo. Wewe ongeza jambo moja: plagi ya pili ibadilishane na ya nne. Nozeli usiiguse. Rudisha kila kitu, futa msimbo kwenye mashine, andika kwenye karatasi kipi kimekwenda wapi, kisha endesha gari katika hali ileile iliyokuwa ikileta tatizo. Kama lilikuwa linamisi kilimani, nenda kilimani. Kama lilikuwa linasubiri joto, lipe joto.

Ukirudi, msimbo utakuwa umesema. Ukihamia P0303, umeifuata koili. Koili ni mbovu, nenda ukanunue. Ukihamia P0304, umeifuata plagi, na koili uliyokuwa uinunue ni nzima. Ukibaki P0302, si koili wala plagi. Mkosaji ni kitu ambacho hukukihamisha: nozeli, waya za soketi, au silinda yenyewe. Hapo hatua inayofuata ni kupima kompresheni, na koili yoyote utakayouziwa siku hiyo itakuwa zawadi kwa muuzaji. Msimbo ukitoweka kabisa, usishangilie haraka. Mara nyingi maana yake ni kwamba soketi au mpira haukuwa umekaa sawasawa na umeukalisha vizuri ulipourudisha. Endesha siku chache uone.

Kipimo hikihiki kinafaa kwa P0352. Hamisha koili, msimbo ukigeuka P0353, ignaita ya koili hiyo imekufa. Ukibaki palepale, fuata waya.

Kama huna mashine kabisa, injini ikinguruma chomoa soketi ya koili moja, sikiliza, irudishe, nenda inayofuata. Silinda nzima ukiichomoa, injini inadorora zaidi. Ukichomoa na injini isibadilike hata kidogo, umeipata silinda iliyokuwa imelala. Fanya kwa sekunde chache tu kila moja, kwa sababu silinda uliyoizima bado inapewa petroli na petroli hiyo inaelekea kwenye masega. Na chomoa soketi peke yake. Usinyanyue koili kutoka kwenye plagi ikiwa bado imechomekwa na injini inazunguka, ule mchezo wa gereji wa kuonyesha cheche ikiruka kwenye bodi. Volti elfu thelathini zikikosa plagi zitatafuta mkono wako, na zikiukosa mkono zitarudi kuunguza ignaita. Mwenye kifaa cha moyo cha umeme kifuani asisogee kabisa karibu na injini inayofanyiwa kipimo hiki. Anayetaka kuiona cheche anunue kipima cheche chenye pengo, kile cha kubana kwenye bodi kwa klipu.

Chungulia shimoni

Koili mara chache hufa bila kuuawa. Ukishaitoa, washa tochi ya simu uangalie shimo la plagi, kwa sababu usipomjua muuaji, koili mpya itamfuata mwenzake.

Ukikuta oili imetuama shimoni, na mpira wa koili umelainika na kuvimba, tatizo lilianzia kwenye gasketi ya tapeti kava au sili za mashimo ya plagi. Mpira uliolowa oili haushiki umeme tena. Gasketi kwanza, koili baadaye. Kwa mpangilio mwingine wowote utarudi gereji.

Ukikuta maji au kutu, jiulize mara ya mwisho gari liliosheshwa wapi. Vijana wa kuosha magari wanapenda kuifurahisha injini kwa maji ya presha ili ing'ae, na maji yanaingia moja kwa moja kwenye mashimo hayo, yanakaa. Injini husafishwa kwa kitambaa na brashi. Mteja anayetaka kuuza gari lake mwenyewe tu ndiye anayehitaji injini inayong'aa.

Kisha soma plagi. Plagi ya silinda iliyomisi huwa imelowa na kunuka petroli, au nyeusi kuliko wenzake. Hiyo inathibitisha silinda, haithibitishi sababu. Tazama sehemu nyeupe ya kauri iliyokuwa ndani ya mpira. Mstari mwembamba mweusi uliochorwa kwa urefu kama wa penseli ni njia ambayo umeme umekuwa ukipita nje ya plagi, na ukiugeuza mpira wa koili utauona mwenzake kwa ndani. Hapo vyote viwili vimekwisha, hata ukifuta mstari utarudi. Lakini doa la kahawia linalozunguka kauri karibu na chuma, bila mstari, ni vumbi la oili lililovutwa na umeme. Si ugonjwa. Plagi nyingi nzima hutupwa kwa sababu ya doa hilo.

Mwisho pima pengo. Plagi za 1NZ zina pengo la milimita 1.1. Linapotanuka kwa kuchakaa, koili inalazimika kupandisha volti kila cheche, kila siku, mpaka ganda lake lisalimu amri. Plagi za kawaida hudumu takriban kilomita 20,000. Za iridiamu halisi hufika karibu kilomita 100,000. Nasema halisi kwa sababu sokoni kuna nyingi zilizoandikwa iridiamu kwenye boksi peke yake. Kwa maoni yangu ni afadhali plagi ya kawaida ya kweli, uibadilishe kwa wakati, kuliko iridiamu ya kutilia shaka utakayoisahau miaka mitatu.

Mita ya umeme na mipaka yake

Msimbo ukigoma kuhama, pima soketi. Ufunguo ukiwa kwenye ON bila kuwasha injini, kati ya pini ya umeme na pini ya hasi mita isome karibu sawa na betri. Ikisoma pungufu sana, badilisha hasi ya mita uiweke kwenye ncha hasi ya betri yenyewe: volti zikirudi, waya wa hasi wa soketi ndio mbovu. Zikikosekana kwenye soketi zote nne, achana na koili, tafuta fyuzi na rilei. Kwa jumla, ukisikia koili zote nne zimekufa siku moja, usikubali. Vitu vinne haviwi na ahadi ya kufa pamoja. Kilichokufa ni kile kimoja kinachovilisha.

Amri ya kompyuta ni mapigo madogo ya volti chache. Taa ya kupimia ya LED itayaonyesha kwa kumetameta injini ikizungushwa na starta. Usitumie taa ya balbu, inavuta umeme mwingi kuliko saketi ya kompyuta inavyovumilia.

Na hili liseme kwa sauti: koili yenye ignaita ndani haipimwi kwa ohmu. Utamwona mtu anagusa pini mbili, mita inasoma ajabu, anatangaza koili imekufa. Alichopima ni transista. Vipimo vya ohmu ni vya koili zisizo na ignaita, ambazo waya mnene husoma ohmu moja hivi, na waya mwembamba hufika maelfu. Hata hizo, koili yenye ufa husoma vizuri kabisa juu ya meza, kwa sababu betri ndogo ya mita haina nguvu ya kuruka ufa.

Kwa mwenye Subaru

Forester na Impreza nyingi zenye injini ya EJ isiyo na tabo hazina koili juu ya kila plagi. Zina boksi moja juu ya injini lenye matundu manne, na waya nne za plagi. Ndani ya boksi mna koili mbili: moja inahudumia silinda ya 1 na ya 2, nyingine ya 3 na ya 4, na kila moja hutoa cheche kwenye plagi mbili kwa pamoja, moja ikifanya kazi na nyingine ikipotea bure kwenye moshi.

Kwa mpangilio huo, jozi ndiyo inayosema. Silinda 1 na 2 zikimisi pamoja, shaka ni boksi au soketi yake. Silinda moja ikimisi peke yake, anza na waya na plagi yake. Huwezi kuhamisha koili, lakini unaweza kuhamisha waya wenye urefu unaofaa, na unaweza kupima ohmu kati ya matundu mawili ya jozi moja kisha uzilinganishe na jozi ya pili. Namba zenyewe hutofautiana kwa toleo, ila jozi mbili za boksi moja zinapaswa kufanana. Kuna na kipimo cha usiku: egesha gizani, washa injini, nyunyiza ukungu mwepesi wa maji kwa chupa ya kunyunyizia juu ya waya na boksi, mikono mbali. Panapovuja patamulika bluu.

Kununua

Nenda na koili ya zamani mkononi. Ubavuni ina namba. Kwa 1NZ nyingi utakuta 90919-02240. Linganisha pini, urefu na kona ya kichwa. Koili zinafanana sana kwa sura na kuna zinazoingia kwenye shimo bila kuwa zake.

Iwe kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Grogan au Kisekka, boksi lenye jina la Denso si ushahidi wa kitu, maboksi huchapishwa. Angalia kifaa: maandishi yaliyosimama vizuri kwenye plastiki, gundi iliyomwagwa bila mapovu, pini zilizonyooka, uzito usio wa kitoto. Kipimo bora kuliko macho ni masharti: "naifunga hapahapa, nikienda kilimani ikinisumbua nairudisha." Muuzaji anayejua anachouza hukubali. Koili iliyotumika kutoka Japani, ikiwa halisi na mpira wake haujapasuka, naipendelea kuliko mpya ya jina geni, ila jua kwamba sehemu ya uhai wake imeshatumika.

Ununue moja au nne? Moja, ikiwa nyingine tatu ni kavu, hazina nyufa na gari halina shida nyingine. Hoja ya kubadilisha zote inasimama pale koili zote zikitoka kwenye toleo lenye kasoro ya kiwandani, kama ilivyozikumba Volkswagen na Audi mwanzoni mwa miaka ya 2000 hadi kampuni ikazibadilisha yenyewe. 1NZ haina historia ya namna hiyo. Plagi, hizo badilisha nne kwa pamoja. Na kama umenunua mbili, ya akiba iweke kwenye buti pamoja na spana namba kumi. Kwa safari ya Dodoma usiku ina thamani kuliko redio.

Ukishafunga, kaza bolti ya koili kwa kiasi, ni ndogo na uzi inamoingia ni wa aluminiamu. Futa misimbo, endesha siku mbili tatu, kisha pima tena hata kama taa haijawaka, kwa sababu kompyuta huhifadhi misimbo inayosubiri kabla ya kuitangaza. Kama gari limetulia lakini halina nguvu kwenye mizunguko ya juu, au bomba la ekzosi linawaka jekundu usiku, masega yameshayeyuka na kuziba kwa petroli ya siku zile ulizovumilia. Mwambie fundi afungue sensa ya oksijeni ya mbele na afunge geji ya msukumo mahali pake kabla hajagusa kitu kingine. Msukumo ukiwa mkubwa mle ndani, kinachofuata ni kufungua ekzosi. Koili yako mpya iache palepale.